Mashine ya Fundi Magesa

Mwanangu Mabula,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Umetoka hapa saa nane umeshiba ugali wa muhogo na sato, umekwenda Nyegezi kumuaga mama yako mdogo, na najua hatakuachia kabla jua halijazama, kwa sababu mdomo wa yule mdogo wangu haujui kituo. Yangu ni hii: nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Maharage niliyabandika nikayasahau, yameungua chini. Ua nimeufagia mara mbili na hakuna hata jani.

Jumapili uliniuliza swali. Tulikuwa mezani, ukasema, "Mama, kule Sengerema simjui mtu. Nitampataje fundi wa tailizi wa kuaminika?" Nikakujibu, "Kula kwanza, chakula kinapoa." Ukanitazama. Chakula kilikuwa bado kinafuka mvuke.

Swali lako ni la haki. Zahanati imekupa kazi lakini haikukupa nyumba, na ile nyumba aliyoianza marehemu baba yako kwenye kiwanja cha babu yako hukohuko Sengerema ina kuta na bati, chini ni zege tupu. Umejibana tangu ukiwa chuoni, ukanunua marumaru boksi moja moja, ukazipanga chumbani kwako mpaka ukawa unalala ubavu. Sasa unataka mtu wa kuzilaza vizuri. Nilikwepa kwa sababu jibu lako liko stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, limefunikwa kitenge.

Ni ile mashine ya kukatia marumaru, yenye reli mbili na gurudumu dogo. Uliikuta uliporudi likizo ukiwa kidato cha pili. Ulipouliza ni ya nani nilikuambia kuna fundi tapeli alituharibia sakafu, akakimbia akaiacha. Mwanangu, hakukimbia. Mimi nilimnyang'anya. Na huo utapeli wake sijauona mpaka leo.

Nimeandika hapo nikaenda kunywa maji. Nimerudi.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji, wewe ndiye tabibu. Wala sitakufundisha kuamkia wakubwa, hilo nilishakufundisha kwa mwiko wa ugali. Nataka nikueleze nilivyompata Fundi Magesa, kwa sababu nilimpata vizuri, na katika mambo yote ya sakafu hii hilo ndilo pekee ninaloweza kujisifia. Mengine utayasikia mbele.

Ukitangaza tu kwamba unatafuta fundi, kila mtu atakuwa na ndugu yake. Shemeji yangu alikuwa na wake. Wanajumuiya walikuwa na wao, anayeimba besi kwaya ya pili, na sifa yake kubwa ilikuwa hiyo besi. Walikuja na wengine wenye simu zimejaa picha za sakafu zinazong'aa, na kila mmoja alisema, "Hii kazi yangu, mama." Nikawauliza ni nyumba ya nani na iko mtaa gani, wakaanza kutafuta mtandao. Picha haina mlio, Mabula. Sakafu ina mlio.

Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikampita mwenye duka, nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa anapakia maboksi kwenye guta. Nikamuuliza, "Baba, ni fundi gani hapa harudi kuongeza boksi katikati ya kazi?" Akafikiri. Akasema, "Yule Mjita, Magesa. Anapima mara moja. Na zikibaki anamrudishia mwenye nyumba, hazigeuki jiko la kwake." Nikachukua majina ya nyumba mbili alizozifanya, na nikahakikisha zimeshapita masika mawili. Kazi ya wiki iliyopita huwa nzuri kwa kila fundi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja kule Mkolani. Mwalimu alianza kunisifia, nikamsikiliza kwa adabu, kisha nikamfuata dada aliyekuwa anapiga deki. Anayepiga deki ndiye anayeijua sakafu. Nikamwomba jagi la maji, nikamimina pembeni kabisa mwa bafu. Maji yakaenda yenyewe mpaka kwenye tundu bila kusimama popote. Yule dada akacheka, akasema, "Mama, kwa huyu fundi maji yanajua njia." Nikatoa sarafu nikagonga marumaru moja moja, katikati na kwenye kona. Iliyolazwa vizuri inajibu kwa sauti nzito. Isiyo na simenti chini inalia kama debe tupu, na siku ukiiangushia kinu itapasuka. Niligonga sebule nzima nimepiga magoti, mwalimu ananishangaa. Hakuna iliyolia, na kwenye nyumba ya pili ikawa vilevile.

Haya, ndivyo anavyotafutwa fundi. Kama barua ingekuwa inaishia hapa ningekuwa mama mwenye busara sana.

Alikuja siku ya pili. Mtu mfupi, hana maneno, magoti yameota sugu. Akavua viatu mlangoni, na sebule wakati huo ilikuwa zege lenye vumbi tu, tulikuwa tumetoka kuipanua. Unakumbuka kwa nini tulipanua? Wakwe wa dada yako Nkamba walikuwa wanakuja kutoka Misungwi kuleta mahari, wazee tisa na mshenga wao, na mimi nilikuwa nimeapa hawatakaa kwenye vumbi. Nilimlea Nkamba kwa mshahara wa umatroni wa bweni. Nilitaka siku hiyo waione sakafu yangu kabla hawajaniona mimi.

Magesa akatandika kipande cha nailoni kwenye zege, akakibana kwa mawe pembeni, akasema atarudi asubuhi. Nilidhani ni mambo ya kwao. Asubuhi akakifunua, chini yake kuna matone.

"Sakafu yako inatoka jasho, Mama Nkamba. Bado mbichi. Tusubiri wiki tatu."

"Wageni wanakuja Jumamosi, fundi."

"Wakae uani. Tutafunga maturubai, wale, wafurahi."

"Wakwe zangu wakae chini ya turubai kama watu wa msibani?"

"Simenti haijui wakwe, mama. Nikiilaza sasa haitashika. Halafu ikiharibika utasema ni mimi."

Nikamwambia, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka: "Ikiharibika nitasema ni mimi. Wewe laza."

Baba yako alikuwa amekaa pale dirishani anasikiliza redio. Aliipunguza sauti kusikia, kisha akaiongeza tena.

Magesa alilaza Jumatano na Alhamisi. Nisimpunje, ilikuwa kazi nzuri. Alivuta uzi ukutani hadi ukutani, akalaza ya katikati kwanza, akaigonga kwa nyundo ya mpira huku ametega sikio. Vipande vya pembeni alivikata kwa mashine yake, vruu, tak, na hakuna kilichochongoka. Alhamisi jioni akafunga uzi mlangoni, kimo cha kiuno, akaniambia, "Mama, mtu asikanyage mpaka Jumapili. Hata paka."

"Jumapili wageni watakuwa wameshaondoka, fundi."

"Ndiyo. Na sakafu itakuwa imebaki."

Ijumaa asubuhi yakaja makochi tuliyoazima na kabati la vyombo. Waliobeba wakasimama mlangoni na kochi begani, wananiangalia. Nilikuwa nakata vitunguu. Niliukata ule uzi kwa kisu kilekile, nikasema, "Ingizeni taratibu." Mwanangu, nimesimama mbele ya kesi nyingi za mabweni, nimeona wasichana wakiruka ukuta, wengine wakificha simu ndani ya unga wa sembe, na wote waliniambia hawakujua wanafanya nini. Mimi nilijua. Kisu kilikuwa mkononi mwangu na nilijua.

Jumamosi ilianza vizuri kupita kiasi. Wazee wakaingia, wakaamkiwa, wakasifia. Mmoja akasema, "Hapa hata kioo cha kujitazamia hamhitaji." Nikavimba. Nilikuwa nimemwalika hata Magesa mwenyewe aje ale pilau, ili watu wamjue aliyefanya kazi ile, na mashine yake alikuwa hajaichukua, ilikuwa barazani. Akakaa uani na sahani yake.

Walipofika kwenye ng'ombe, mshenga akajiinua kidogo kusisitiza jambo, akajirudisha kitini kwa uzito wote. Mguu wa kiti ukazama. Marumaru ikainuka upande wa pili kama kifuniko cha sufuria, na yule mzee akaenda chini pamoja na soda yake, miguu juu. Waliokimbia kumwinua wakazivuruga nyingine. Mzee hakuumia. Alikaa palepale chini, amelowa, akauliza, "Nyumba hii huwa inameza wageni au ni mimi tu?" Wakacheka wote. Nkamba akacheka, na mume wake mpaka leo anapenda kuisimulia. Mahari haikuharibika hata kidogo. Wangeweza kweli kukaa chini ya turubai na mambo yakaenda vilevile.

Mimi ndiye sikucheka. Nilisikia joto linapanda kutoka miguuni. Nikatoka uani, na mbele ya wazee wa Misungwi, majirani na wapishi, nikamsimamia Fundi Magesa kichwani. "Umenidhalilisha! Tapeli mkubwa wewe! Unakula pilau yangu na sakafu umenilazia matope!"

Akaweka sahani chini. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, uzi nani ameukata?"

Hilo swali ndilo lililoniponza. Kama angenitukana labda ningepoa. Nilikwenda barazani nikaibeba ile mashine mwenyewe, na unajua uzito wake, nikaitupia stoo nikafunga kufuli. Nikasema haitoki mpaka sakafu yangu irudi kama ilivyokuwa.

Jumatatu tukafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Magesa ndiye aliyekwenda kushtaki, si mimi, alitaka chombo chake. Mwenyekiti akasikiliza pande zote, kisha akanigeukia. "Mama Nkamba, swali moja tu. Huyu fundi alikuonya usubiri?"

Nikasema, "Hakuniambia kitu."

Magesa hakubisha. Aliangalia magoti yake. Nilikuwa matroni, nina miaka mingi Butimba, na yeye alikuwa mtu wa kuja, anapanga chumba. Ikaamuliwa airudie kazi kwa marumaru zake mwenyewe, na hadi hapo mashine ikae kwangu. Marumaru angezitoa wapi, na kazi ya kumpa pesa za hizo marumaru angeifanya kwa mashine ipi? Nililiona hilo palepale ofisini. Nikabeba mkoba wangu nikaenda nyumbani.

Na sikuishia hapo. Nilisema jumuiyani, nikasema saluni, nikasema kwenye foleni ya maji. Ningenyamaza labda angepata vibarua mtaa wa pili, lakini nilikuwa nahitaji kila mtu aamini, maana wakiamini wote ningeweza kuamini na mimi. Hazikupita siku nyingi akahama. Kuna siku nilikutana naye njiani kabla hajaondoka, amebeba ndoo yenye mwiko na pimamaji. Akaniamkia. "Shikamoo, Mama Nkamba." Na tulikuwa tunakaribiana umri, hakuwa na lazima ya kunipa shikamoo. Nikaitikia marahaba nikapita.

Nimesimama tena. Nimekwenda sebuleni nikaliondoa zulia.

Umekulia na lile zulia, na Krismasi moja ulitaka kulitoa nje ukalipige vumbi nikakufokea mpaka ukashangaa. Chini yake kuna marumaru tisa za rangi nyingine. Fundi wa pili alipokuja kurekebisha, boksi za awali zilikuwa zimekwisha dukani, na mpya zilikuwa za jina lilelile lakini zimepishana namba, zikatoka na umanjano. Basi na hilo likusaidie: angalia namba ubavuni mwa boksi, zote zilingane, na weka akiba hata boksi moja chini ya kitanda. Mimi sikuweka akiba, nikaweka zulia.

Baba yako aliniambia mara moja tu. Ilikuwa jioni ileile ya Jumatatu. "Mrudishie mtu chombo chake." Nikasema, akishatengeneza. Hakurudia. Lakini kuanzia siku ile hakukanyaga lile zulia. Akitoka chumbani kwenda barazani alizunguka na ukuta, kila siku, miaka yote ile. Hata alipoanza kuumwa na anatembelea fimbo, alizunguka. Wewe ulidhani ni ugonjwa, ukaniambia, "Mama, baba amepoteza mwelekeo, anafuata ukuta." Mwelekeo alikuwa nao. Mwaka wa tatu huu tangu tumzike, na mwenzio hushtuka usiku nikidhani nimesikia fimbo yake ukutani.

Yule mama anayeleta viazi vitamu kutoka Busisi ndiye aliyeniambia Magesa yuko wapi. Alikuwa anasimulia habari za bafu la kwao, jinsi maji yanavyokwenda yenyewe kwenye tundu, na mimi nikamjua kabla hajataja jina. Kumbe alihamia ng'ambo kule, karibu na barabara. Fundi mzuri, akasema, ila hana mashine. Huazima za watu, kwa hiyo hupata kazi zile tu ambazo mwenye mashine amezikataa, za kona mbaya na vyoo vya nje. "Sijui kwa nini hakujinunulia mapema, mtu hodari vile." Nikanunua viazi vingi kuliko tunavyoweza kula.

Wakati ule nilikuwa na kisingizio cha kivuko. Foleni ya Kigongo nani asiyeijua, utakaa na mzigo juani hadi uchoke. Nilisema nitakwenda foleni zikipungua. Kisha daraja likafunguliwa, na sasa gari linavuka kabla hujamaliza kumenya chungwa. Nikabaki bila kisingizio na bado sikwenda.

Juma lililopita nilikwenda kwa yule mwenyekiti, siku hizi amestaafu, anafuga kuku. Nikamwambia yote: fundi alinionya, nilikata uzi, nilimdanganya pale ofisini kwake. Alikuwa anamwaga pumba. Akacheka kwa upole.

"Mama Nkamba, mambo ya kale hayo. Nani anayakumbuka?"

"Yeye anayakumbuka."

"Mwachie Mungu, mama. Chukua trei ya mayai uende nyumbani."

Nilirudi na hasira na trei ya mayai. Nilikuwa natamani anifokee.

Sasa nikuambie mpango niliokuwa nao, ujue mama yako ni mjanja wa namna gani. Mpango ulikuwa wewe. Unakwenda kuishi huko, utapita mlangoni kwake, unatafuta fundi. Ningeifunga mashine ndani ya mzigo wako, niweke na barua hii, uipeleke. Jana nimeifuta vumbi, gurudumu nimelitia mafuta ya cherehani, nimeifungia kamba. Leo nimeanza kuandika maelekezo: ukifika mwamkie, mwambie mama anakusalimu. Nimeandika nikachana, nikaandika tena nikachana. Utamwamkia shikamoo, Mabula, halafu utasema nini? Wewe ulikuwa bweni, hukukata uzi wowote. Na yeye atafanya nini mbele ya mtoto mwenye adabu, na tabibu wa zahanati yao, isipokuwa kusema hakuna shida, salimia nyumbani? Ningekuwa nimemnyang'anya mara ya pili, safari hii nimemnyang'anya hata hasira yake.

Na wewe ungeanza siku yako ya kwanza ugenini umebeba uchafu wangu kichwani. Hapana.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili, na nimechelewa nalo tangu Jumapili. Fundi mzuri kule yupo na jina lake unalo. Lakini usimpe kazi ili kunisafisha mimi. Tafuta sakafu zake za siku hizi, piga magoti, gonga kwa sarafu, ongea na anayepiga deki. Miaka tisa ya kuazima mashine inaweza kumharibu mtu mkono au moyo, sijui. Zikilia debe tupu, tafuta mwingine. Na yeye akikataa kazi ya mtoto wangu, usimbembeleze, ana haki.

Ila yeyote utakayempata, akikuambia subiri, subiri. Lala zahanati, lala juu ya mkeka kwenye chumba ambacho hakijaguswa, wageni wako wakae chini ya turubai. Mimi nilihangaika sana kutafuta fundi wa kuaminika, na nilimpata. Sikuwahi kujiuliza kama yeye amempata mwenye nyumba wa kuaminika. Wewe utalielewa hili haraka, maana na wewe sasa ni fundi wa watu. Utampa mgonjwa dawa, utamwambia amalize zote, ataacha katikati akijisikia nafuu, kisha atarudi kukutukana mbele ya foleni nzima. Siku hiyo mkumbuke Magesa na sahani yake ya pilau.

Jua limefika kwenye mawe ya kule juu. Nasikia mbwa wa jirani anabweka namna anavyokubwekea wewe, kwa hiyo uko karibu. Zulia nimelikunja nimelisimamisha pembeni. Ukiingia utaziona zile tisa, na leo nitakuomba usiniulize kitu, tule hayo maharage yaliyoungua. Barua utaisoma kesho alfajiri, kabla hujatoka chumbani.

Nimeshampigia simu wakala wa basi. Nafasi ilikuwepo, siti ya nyuma yako. Asubuhi usije kunigongea mlango kuniaga, utanikuta barazani nimevaa viatu. Mashine ina uzito, upande mmoja utashika wewe mpaka kwenye bodaboda na mpaka ndani ya basi. Tukishuka Busisi nitaibeba peke yangu. Wewe utakaa barabarani na mizigo yako, hutanifuata. Atakapotoka mlangoni nitamwambia yale niliyomwahidi siku ile sebuleni, mbele ya mke wake na yeyote atakayekuwepo. Akitaka kunifokea nitasimama mpaka amalize.

Ni mimi,
Mama yako